Dubu-maji hatembei, picha ina ukungu, video ina mistari: anza na tone la maji

Kila mvua za vuli zinapokolea hapa Lushoto, na mosi, vile vimea vifupi vya kijani vinavyotandaa ukutani kama zulia, ikanawiri, naanza kuletewa malalamiko yale yale. Wapo wanafunzi wa klabu yetu ya sayansi, wapo walimu wenzangu, wapo wazazi waliomnunulia mtoto hadubini ya bei nafuu. Wote wanataka kumwona dubu-maji: mnyama mnene mwenye miguu minane na kucha ndefu, ambaye kwa kawaida urefu wake hauzidi nusu milimita. Wanataka wamrekodi kwa simu. Jambo likikwama, karibu kila mtu husema hadubini ni mbovu.

Ni mara chache sana huwa mbovu. Ninapokwenda kuangalia, kosa nalikuta kwenye tone la maji: maji ni mengi mno, au ni machache mno, au yameishiwa hewa, au yamepata joto. Ndiyo maana chini ya karibu kila dalili hapa nitakurudisha kwenye tone kwanza. Nimetanguliza chanzo ninachokikuta mara nyingi, na kipimo rahisi kabla ya kigumu. Pale ambapo mtu anapaswa kuacha na kumwita fundi, nimesema wazi.

"Nimeloweka, nimekamua, sioni mnyama hata mmoja"

Kwanza, uliangalia wapi? Dubu-maji haogelei. Ukimtoa kwenye mosi anazama, na anabaki chini kati ya mchanga na takataka. Mtu akinyonya maji ya juu, yale meupe na masafi, anapata maji matupu. Kamua mosi kwenye sahani au kisosi, yaache maji yatulie dakika kumi, kisha nyonya mashapo ya chini kwa dropa au bomba la sindano lisilo na sindano. Weka tone dogo la mashapo hayo kwenye slaidi, kile kipande cha kioo cha kuwekea kitu chini ya hadubini.

Pili, ulianza na lenzi ipi? Kwenye hadubini nyingi za kawaida lenzi ya 4x, yaani inayokuza mara nne, hukuonyesha duara la karibu milimita 4.5, na ile ya 40x hukuonyesha chini ya nusu milimita. Kumtafuta kwa 40x ni sawa na kutafuta kifungo sebuleni huku unachungulia kwenye tundu la ufunguo. Mtafute kwa 4x, ukipitisha slaidi polepole, mstari kwa mstari. Tazama mwendo kabla ya umbo. Ukiona kitu kinachojikokota kama mtoto anayejifunza kutambaa, hamia 10x.

Tatu, mwanga. Wengi wa wanyama hawa ni wangavu kama kipande cha plastiki, na taa ikiwa kali wanapotea kabisa. Punguza tundu la diaframu, kile kidhibiti cha mwanga chini ya meza ya hadubini, mpaka kingo za vitu ziwe nyeusi kidogo.

Mosi yenyewe naishuku mwishoni. Mosi inayokaa majini muda wote, kama ile ya mtoni, mara nyingi hainipi kitu. Ile ya ukutani, kwenye vigae au kwenye gome la mti, inayolowa leo na kukauka kesho, ndiyo nzuri. Kipande cha ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 kinatosha. Kiloweke kikiwa kimelala kifudifudi kwenye maji ya mvua ya kina kifupi, kwa muda wa saa nne au zaidi, hata usiku mzima. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi usiku kucha kwanza. Maji ya betri usiyaguse kama huna uhakika wa asilimia mia: madukani jina hilo hutumika kwa maji yaliyokenekwa, yaani yaliyosafishwa kwa mvuke, na pia kwa asidi, na asidi itaua wanyama wako na kuchoma mikono yako.

Na hapa pana onyo la kweli. Mosi na laikeni, ule ukoko unaoota kwenye mawe na mapaa, hupenda sana mapaa ya zamani ya asbesto. Usiyakwangue. Nyuzi za asbesto zikivutwa kwa pumzi huleta magonjwa ya mapafu, ikiwemo saratani. Kama hujui paa ni la nini, tafuta ukuta mwingine.

Kabla hujasema umekosa, hakikisha hujampita. Rotifa, kiumbe mwingine mdogo wa majini, ana kama magurudumu mawili yanayozunguka mdomoni. Mnyoo hujipinda kama mjeledi na hana miguu. Utitiri ndio huwachanganya watu, kwa kuwa nao wana miguu minane, lakini miguu yao ni mirefu yenye viungo kama ya buibui. Miguu ya dubu-maji ni vigutu vifupi visivyo na viungo, na jozi ya nne imegeukia nyuma kabisa.

"Amepatikana, lakini amenyooka, amevimba, hajongei"

Hili ndilo lalamiko ninalolijali kuliko yote, maana watu hutupa wanyama walio hai.

Mwaka jana mwanafunzi mmoja alipaka vaselini kuzunguka kifuniko cha slaidi chote, asubuhi, ili maji yasikauke. Wazo zuri kabisa. Mchana akaniita: "Mwalimu, huyu amekufa." Nilitazama. Dubu-maji alikuwa amenyooka kama soseji, miguu yote minane imetoka nje na kukakamaa, mwili umejaa na kung'aa. Tukatelezesha kifuniko, tukamsukuma kwa maji ya dropa mpaka kwenye kisosi chenye maji ya mvua yasiyozidi nusu sentimita, tukapuliza mapovu taratibu kwa dropa ile ile. Robo saa, hakuna kitu. Nusu saa, hakuna kitu. Ilipokaribia dakika arobaini mguu mmoja wa jozi ya nyuma ukarudi ndani kidogo, ukatoka tena, kucha zikanasa kwenye jani la mosi. Kisha kichwa kikayumba kushoto, kulia. Mtoto yule hakuondoka hadubinini mpaka kengele ya kwenda nyumbani.

Aliishiwa oksijeni. Maji yakikosa hewa, dubu-maji hushindwa kudhibiti maji yanayoingia mwilini, anavimba na kukakamaa. Akirudishiwa maji yenye hewa ndani ya saa chache, mara nyingi huamka. Vyanzo, kwa mpangilio ninaoukutana nao: kifuniko kilichozibwa pande zote, mashapo machafu mengi kwenye tone, ambayo bakteria wake hula hewa yote, mosi iliyolowekwa kwenye chupa ndefu badala ya sahani pana, ikaanza kunuka. Tiba ni ile ile: maji mapya, kina kifupi, uso mpana, subira ya saa kadhaa.

Lakini asiyejongea si lazima awe amekosa hewa. Soma umbo lake:

- Amejikunja kama pipa dogo lenye mikunjo, miguu imeingizwa ndani: amekauka na kulala. Mpe maji na muda, dakika chache hadi saa kadhaa.
- Yumo ndani ya ngozi nyingine iliyolegea, mzito, kama anajivuta: anajivua gamba. Usimguse. Ukikuta ngozi tupu yenye mayai ya duara ndani, umebahatika, kwa kuwa aina nyingi hutaga ndani ya ngozi wanayoiacha. Rekodi hilo.
- Amekunjamana hovyo, ndani kumevurugika, na zile chembe za mviringo ambazo kwa aliye hai huelea na kurukaruka anapotembea zimetulia au zimemwagika: huyu amekufa kweli.

Chanzo kingine cha kifo ni imani kwamba mnyama huyu hafi. Ni kweli kwamba mwaka 2007 dubu-maji waliokaushwa walipelekwa anga za juu katika chombo cha FOTON-M3 na baadhi walirudi hai. Ni kweli pia kwamba watafiti wa Japani walitangaza mwaka 2016 kuwa wamewaamsha dubu-maji waliokaa ndani ya mosi ya Antaktika iliyogandishwa zaidi ya miaka 30. Hao wote walikuwa wamelala. Aliye macho, anayetembea kwenye tone lako, ni dhaifu. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2020 ulikuta kwamba dubu-maji wa aina ya *Ramazzottius varieornatus* walio macho na wasiozoeshwa joto, nusu yao hufa wakikaa saa 24 kwenye nyuzijoto 37.1 tu. Taa ya halojeni chini ya slaidi inaweza kufikisha joto hilo bila wewe kujua. Gusa meza ya hadubini kwa kidole karibu na slaidi. Ikiwa ina joto, zima taa kati ya kurekodi na kurekodi.

Kukaukia kwenye kioo nako ni hatari. Ndani ya mosi maji hupungua polepole, naye hupata muda wa kujikunja vizuri. Kwenye kioo kitupu hukauka ghafla, na wengi hawaamki. Tone likianza kurudi nyuma ukingoni mwa kifuniko, ongeza tone dogo pembeni, liingie lenyewe.

"Anapapatika tu, haendi popote"

Hapa tatizo ni dogo na tiba yake inafurahisha. Lazzaro Spallanzani, mwanasayansi wa Italia, alipompa mnyama huyu jina mwaka 1776, miaka mitatu baada ya mtafiti Goeze kumwelezea huko Ujerumani, alimwita kwa maana ya "mwenda polepole". Anaenda polepole akiwa na kitu cha kushika. Kwenye kioo kucha hazina pa kunasa, basi anabaki kupiga miguu hewani kama mtu aliyeanguka kwenye matope.

Mwekee jani moja au mawili ya mosi kwenye tone. Atalishika, atapanda, atazunguka ukingo wake, na mara nyingi atabaki hapo muda wa kutosha umrekodi. Tangu nianze kufanya hivyo sijalalamika tena kwamba mnyama anakimbia nje ya picha.

"Kwa 10x yuko safi, nikienda 40x ni ukungu mtupu"

Anza na tone. Tazama slaidi kwa ubavu, jicho likiwa usawa wa meza. Ukiona kifuniko kinaelea juu ya kilima cha maji, maji ni mengi. Lenzi ya 40x huikaribia slaidi kwa chini ya milimita moja, na mnyama akiwa ndani kabisa ya maji haiwezi kumfikia. Nyonya maji kwa ncha ya tishu ukingoni, kidogo kidogo, huku unachungulia kwa 10x ili uone anapoanza kubanwa. Akianza kubanwa, acha.

Kama hukuweka kifuniko kabisa, hapo ndipo penye kosa. Soma maandishi yaliyo kwenye lenzi: utaona 160/0.17 au namba yenye 0.17. Hiyo 0.17 ni unene wa kifuniko kwa milimita, na lenzi ya 40x imetengenezwa ikitegemea kioo cha unene huo kiwepo. Vifuniko vya plastiki vinavyokuja na hadubini za watoto aghalabu ni vinene kuliko hapo. Slaidi iliyogeuzwa, kifuniko kikiwa chini, huleta ukungu huo huo, na ni kosa la kawaida kuliko watu wanavyokubali.

Halafu angalia lenzi yenyewe. Mara nyingi imeguswa na maji, ikakaukia chumvi, au ina alama ya kidole. Pulizia vumbi kwanza kwa bomba la mpira. Tumia karatasi ya lenzi yenye unyevu wa maji safi, zungusha bila kubonyeza. Uchafu wa mafuta unaondoka kwa spiriti kidogo sana kwenye karatasi, kamwe usiimwagie lenzi. Tina ya kuyeyushia rangi, petroli na kitambaa cha shati weka mbali.

Ikiwa kichwa kiko wazi na mgongo una ukungu, huna tatizo. Kwa 40x tabaka linaloonekana safi ni jembamba mno, na mnyama ni mnene kulilinganisha nalo. Zungusha fokasi ndogo taratibu: utapita kucha, kisha koromeo na zile sindano mbili za mdomoni, kisha tumbo.

Ili usimponde, weka nukta nne ndogo za vaselini kwenye pembe za kifuniko kabla ya kukishusha. Zinakiinua kidogo, na kwa kubonyeza pembe kwa kijiti cha meno unaweza kumshushia kifuniko mpaka atulie bila kuumia. Nukta, usizungushie: hewa ipite.

"Anaonekana, lakini picha imepauka"

Punguza diaframu, inatosha kwa wengi. Kondensa, ile lenzi iliyo chini ya meza inayokusanya mwanga, ikiwa inashuka na kupanda, ipandishe karibu na slaidi. Ukitaka awe mweupe kwenye giza, kata duara la karatasi nyeusi la kipenyo cha sentimita moja na nusu hivi, uliweke katikati chini ya kondensa, ufungue diaframu yote. Inafanya kazi vizuri kwa 4x na 10x. Jaribu ukubwa tofauti wa duara.

Kwa wenye hadubini ya kioo cha kuakisi: elekeza kioo kwenye anga jeupe au ukuta mweupe. Usikielekeze kwenye jua hata mara moja. Jicho linaweza kuharibika bila maumivu yoyote, na uharibifu huo haurudi.

Video: mistari, giza pembeni, fokasi inayohangaika

Mistari myeusi inayopanda au kushuka kwenye video hutokana na taa kupepesa. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa inayoufuata hupepesa mara 100 kwa sekunde. Nenda kwenye mipangilio ya kamera uchague hezi 50, au ukiwa na programu ya kurekodi kwa mkono weka shata (muda wa kamera kupokea mwanga) 1/50 au 1/100 ya sekunde na fremu 25 kwa sekunde. Mistari ikibaki hata hadubini ikitumia betri, nobu ya kupunguza mwanga ndiyo inayopepesa taa ya LED. Washa mwanga wote, kisha uupunguze kwa kuweka karatasi nyeupe juu ya LED. Kwenye halojeni usiweke karatasi: itaungua.

Duara jeusi linalokula picha lina maana simu haijakaa mahali pake. Isogeze mbele na nyuma juu ya lenzi ya jicho, milimita kwa milimita, mpaka duara la mwanga lipanuke na kutulia. Kwa mkono huwezi kuishikilia hapo. Kishikio cha simu ni ununuzi wa maana kuliko lenzi kubwa zaidi. Wenye simu za kamera nyingi, chagua kamera kuu na usikuze sana, la sivyo simu itarukia kamera nyingine katikati ya video na picha itapotea.

Fokasi inayopumua, ikienda na kurudi: bonyeza kioo cha simu sekunde kadhaa mpaka ifunge fokasi na mwangaza, halafu fuata mnyama kwa fokasi ya hadubini tu. Mtikisiko: toa hadubini kwenye meza yenye feni au friji, iweke juu ya kitambaa kinene, na anza kurekodi kwa kitufe cha waya wa hedifoni badala ya kugusa simu.

Kamera za USB zinazokaa mahali pa lenzi ya jicho zikitoa picha ya kukatakata, ongeza mwanga kwanza, maana kwenye giza kamera hupunguza fremu zenyewe. Kisha punguza ukubwa wa picha, na chomeka waya moja kwa moja kwenye kompyuta.

"Kuna madoa yasiyohama"

Sogeza slaidi. Madoa yakihama, ni uchafu wa tone. Zungusha lenzi ya jicho: yakizunguka nayo, isafishe hiyo. Badili lenzi ya chini: yakitoweka, yalikuwa kwenye ile uliyoitoa. Yakibaki katika yote, angalia kioo cha kamera ya simu na kioo kilicho juu ya taa.

Ukimulika lenzi kwa tochi ukaona ndani yake nyuzi nyembamba zinazotambaa kama utando wa buibui, hiyo ni kuvu. Huku milimani na kule pwani ni jambo la kawaida kwa hadubini iliyofungiwa kwenye sanduku lenye unyevu. Usiifungue lenzi. Vipande vya ndani vimepangwa kwa vipimo ambavyo mezani kwako hutavirudisha. Itenge na lenzi nyingine, ipeleke kwa fundi wa vifaa vya maabara au wa vifaa tiba, na umwonyeshe picha uliyopiga kwa tochi ili ajue ni lenzi ipi.

Fundi huyo huyo mwite ukiona nobu ya fokasi inasaga au meza inashuka yenyewe baada ya wewe kukaza skrubu ya nje. Na kama hadubini inakupa mshtuko kidogo unapoigusa, waya umechunika, kuna harufu ya plastiki inayoungua, au maji yamemwagikia sehemu ya taa, chomoa plagi kwanza kwa mkono mkavu. Usiiwashe tena "kujaribu". Mwite fundi umeme, na siku hiyo mtazame dubu-maji kwa mwanga wa tochi ya simu iliyoegeshwa chini ya slaidi.